Video ya Kijiko

Asubuhi hiyo mikeka ilitandikwa kama kawaida, vikombe vya plastiki vikapangwa juu ya kabati, ndoo ya kunawia mikono ikawekwa kando ya mlango. Mlango ukafunguliwa wazi. Mtoto hakuja hata mmoja.

Bibi Taratibu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua mchele. Mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua imkute katikati ya njia. Alikaa nyumba moja na mkwe wake, mke wa mwanawe dereva wa lori, yule ambaye ukiuliza leo yuko wapi, jibu ni "yuko njiani". Mkwe huyo alikuwa mlezi wa watoto. Wazazi waliokwenda kazini walimwachia watoto wao asubuhi, wakapita kuwachukua wakirudi. Watoto walimwita Anti, na mtoto akishampa mtu jina, watu wazima wafanye nini? Naye akawa Anti wa wote.

"Mama, au leo ni sikukuu na sisi hatujui?" Anti aliuliza, anachungulia nje.

"Sikukuu gani hiyo isiyo na kelele?"

Aliyetokea mwishowe alikuwa seremala wa jirani, na hakuja na mwanawe. Alisimama nje ya kizingiti kama mgeni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nimefuata shuka la mtoto," alisema. "Na kikombe chake."

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi."

"Mnahama?"

"Hatuhami." Akajikuna kichwa. "Anti, mimi sina neno na wewe. Ni mke wangu. Na mama mkwe wangu. Ukiwa na wanawake wawili ndani, wewe seremala ni kiti tu."

"Basi wewe kiti, niambie kuna nini," alisema Bibi Taratibu.

Seremala akatoa simu, akampa Anti bila kumtazama usoni. Ilikuwa video fupi, sauti yake ya chini mno. Watoto wadogo wamekaa mkekani kwa mstari. Mkono wa mwanamke unamimina dawa kutoka chupa ya kahawia, kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule. Picha inaruka, na watoto wote wamelala fofofo mchana kweupe. Sura ya mwanamke haionyeshwi. Ukuta nyuma yake ni wa bluu. Ukuta wa Anti nao ulikuwa wa bluu, kama kuta za nusu ya nyumba za mtaa ule.

Chini ya video kulikuwa na ujumbe wa sauti. Anti akaubonyeza.

"Tahadhari! Tahadhari, wazazi! Ninyi mnaoacha watoto kwa walezi wa majumbani, fungueni macho! Watoto wananyweshwa dawa za usingizi ili mlezi apumzike. Mtaa wetu nao haujasalimika. Narudia, mtaa wetu haujasalimika!"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa sauti ile ni ya nani. Ilikuwa ya Kipaza, kaka mkubwa wa Bibi Taratibu. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi: basi gani linaondoka, nani kasahau mzigo, mtoto gani kapotea na analilia kwenye ofisi ya tiketi. Alipostaafu, mtaa haukumwacha astaafu. Msiba ukitokea, Kipaza ndiye anayerekodi tangazo. Maji yakikatwa, Kipaza. Mbuzi akipotea, Kipaza. Na kwa kuwa hajawahi kutangaza basi lisilokuwepo, watu walimsadiki kama wanavyosadiki kwamba kesho kutakucha.

"Ni mjomba," Anti alisema polepole. "Mjomba mwenyewe."

Seremala alichukua shuka na kikombe, akaondoka mbiombio kama aliyeiba.

Anti akakaa chini kwenye mkeka mtupu. "Nafunga, mama. Wiki hii ikiisha nakwenda kwa wazazi wangu. Kule angalau wananijua."

"Ukifunga," alisema Bibi Taratibu, "utakuwa umekishika kile kijiko kwa mkono wako mwenyewe. Watasema, si mnaona? Kakimbia."

"Sasa nifanye nini? Nipige mayowe njiani kwamba mimi si mchawi?"

"Wewe acha mlango wazi. Mayowe niachie mimi, nitayapiga kwa sauti ya chini."

Akaweka ungo wa mchele kando, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Kipaza alikuwa barazani kwake, redio inaongea sikio hili, simu iko sikio lile. Alipomwona dada yake alichangamka.

"Dada! Umelisikia tangazo langu? Limevuka hadi ng'ambo ya soko!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, marahaba. Kaa."

Bibi Taratibu alikaa. Kwao walilelewa hivi: mdogo hamwambii mkubwa "umekosea". Akiona mkubwa anaelekea shimoni, humwuliza maswali mpaka mkubwa alione shimo mwenyewe. Ni adabu inayochosha, lakini yeye alikuwa na muda.

"Ile video, kaka, kakupa nani?"

"Binamu yetu wa mjini."

"Naye kapewa na nani?"

"Nitajuaje? Imetoka kwenye simu."

"Simu imeizaa yenyewe?"

Kipaza akacheka. Dada yake hakucheka.

"Mtaa wetu una walezi wangapi wa nyumbani?"

"Mmoja." Kicheko kikakatika. "Lakini sikumtaja mtu! Sikiliza vizuri tangazo, hakuna jina hata la paka."

"Sijasema umetaja. Nimeuliza wako wangapi. Ulipoitazama, uliisikiliza?"

"Niliitazama kwa macho yangu haya mawili."

"Nimeuliza masikio."

Kipaza akaiangalia redio yake. Ikabidi aizime. Aliiwasha video na kuipandisha sauti, na hapo ndipo yule mwanamke wa kijiko alipoanza kusikika. Alikuwa anawasemesha watoto, mtoto mmoja anamjibu, na nyuma mwanamume anaita. Maneno yote yalikuwa ya lugha ambayo si Kipaza wala dada yake aliyewahi kuisikia. Si yao, si ya majirani, si ya wasafiri waliopita kituoni miaka yote ile.

"Anti anaijua lugha hii?" aliuliza Bibi Taratibu.

Kaka yake alirudia video mara nyingine, kisha nyingine tena, kama mtu anayetafuta neno moja tu la kumwokoa.

"Nilitaka kuwaonya watu, dada," alisema mwishowe, na sauti ya kituo ilikuwa imemtoka. "Nilifikiri, ikiwa ni kweli nami nimenyamaza?"

"Najua. Huna ubaya. Ndiyo maana wamekuamini."

Kipaza aliifuta video, akarekodi tangazo jipya palepale: ile si ya mtaa wetu, tuipuuze, tumrudie Anti wetu. Bibi Taratibu akarudi nyumbani na moyo mwepesi kidogo. Ulikuwa wepesi wa bure. Kabla mchele haujaiva, Anti alikuwa anamsomea majibu ya watu kwenye kundi la mtaa.

"Huyu anasema, 'Kipaza kakemewa na dada yake.' Huyu, 'Damu nzito kuliko maji.' Msusi naye: 'Kama si kweli, mbona wanahangaika kukanusha?' Na huyu hapa kaandika, 'Lisemwalo lipo, kama halipo laja.'"

"Likija, si ndio wao waliolibeba mgongoni?" Bibi Taratibu alipuliza moto. "Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na simu wale."

"Basi imeshindikana, mama."

"Imeshindikana kwa tangazo. Ule uongo haukuingia kwa watu kwa sababu ya ushahidi, uliingia kwa sababu Kipaza kasema. Tukiutoa kwa sababu Kipaza kasema, kesho mwingine atasema kingine. Nataka waisikie video wenyewe."

Siku iliyofuata alimpitia kaka yake, wakaanza nyumba kwa nyumba. Yeye mbele kwa mwendo wake ule, Kipaza nyuma na ile video aliyoiomba tena kwa binamu, amefungwa mdomo kwa masharti: hatangazi kitu, anashika simu tu.

Walianzia saluni, maana habari isiyolala saluni haijalala popote. Msusi alikuwa na mteja kitini na kitana mdomoni.

"Karibuni wakanushaji!" alisema, na mteja akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi.

"Tumekaribia," alisema Bibi Taratibu. "Sikuja kukanusha. Nimekuja kuuliza. Hii video uliiona?"

"Mara kumi, bibi."

"Mwanamke anasema nini humo?"

"Anasema..." Msusi akatoa kitana mdomoni. "Hapa nina mashine ya kukausha nywele, inavuma kutwa. Nilisoma picha tu. Ya kusikia nilisikia ya Kipaza."

"Zima mashine."

Wakasikiliza. Mteja naye akageuza shingo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeshtuka. Sauti za lugha ngeni zikajaa chumbani.

"Ha!" alisema mteja. "Hawa si wa hapa."

"Mimi sijasema," alisema Bibi Taratibu.

"Umeulizwa wewe?" msusi akamfokea mteja, kisha akaangalia simu yake mwenyewe kana kwamba imemng'ata. "Bibi, mimi niliituma kwa wateja wangu wote."

"Basi iambie irudi. Pale ulipoipeleka, pita tena palepale, mtu kwa mtu. Waambie wapandishe sauti wasikilize, kisha uwaulize wamesikia nini. Usiwaambie wewe."

"Watanicheka!"

"Wakucheke. Hujawahi kusikia msusi amefunga saluni kwa sababu amechekwa. Lakini Anti anafunga."

Walipokuwa wanatoka, walimsikia msusi anamwambia mtu simuni, "Shoga, uko peke yako? Pandisha sauti ya ile video. Pandisha kwanza, maneno baadaye."

Kwa seremala walikuta familia yote imekaa, mke, mama mkwe, na mtoto anayerukaruka juu ya vumbi la mbao. Hapo kazi ilikuwa nyepesi kuliko Bibi Taratibu alivyodhani, kwa sababu mke wa seremala alikuwa ameanza kumkumbuka Anti tangu jana: mtoto alikuwa amemwaga gundi, ameficha nyundo, na amempaka paka rangi. Waliposikiliza, mke akashika mdomo. Mama mkwe ndiye aliyegoma.

"Picha ni picha," alisema. "Picha haidanganyi."

"Una nyingine unazoziamini, dada?" aliuliza Bibi Taratibu kwa upole.

Mama mkwe akaonyesha kwa fahari picha ya kuku mwenye miguu minne, inayosema ukiwatumia watu saba, baraka itakujia kabla ya jua kuzama.

"Kakutumia nani?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji amemwona kuku?"

"Hajamwona."

"Ulituma kwa watu saba?"

"Nilituma."

"Na jua?"

"Lilizama." Mama mkwe akaitazama picha kwa uchungu. "Na mimi kuku huyu nilishampa jina!"

Seremala alicheka mpaka akakaa juu ya misumari. Kuanzia hapo nyumba ile ikageuka kama ya vitendawili. Mke anafungua simu, anauliza, "Haya, huyu katoka wapi? Nani kamwona?" na hata mtoto akawa anajibu. Kesho yake asubuhi mtoto wa seremala alirudishwa kwa Anti pamoja na shuka lake. Anti alimpokea, akamfuta rangi ya paka mikononi. Lakini nguo zake alikuwa amekwisha kuzikunja, na hakuzikunjua.

"Mmoja, mama," alimwambia Bibi Taratibu. "Kwa mmoja sifungui nyumba."

"Mmoja ana miguu. Ataleta wenzake."

Wengine walikuja, kweli, mmoja leo na mwingine kesho. Wazazi wengine walisikiliza video, wakatikisa kichwa, wakasema wamepata shangazi wa kuwaangalizia watoto. Halafu Bibi Taratibu akafika kwenye chumba cha mfagizi wa hospitali.

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Ndani mtoto alikuwa analia, kilio cha chini cha mtu aliyekwisha kulia sana. Jirani alisema mama yake hutoka kabla ya mapambazuko na hurudi mchana. Tangu video ile, humfungia mtoto ndani na chakula chake.

Bibi Taratibu akakaa chini pale pale mlangoni, akaegemea mbao.

"Nani huko ndani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi pia ni mimi. Tutajuanaje?"

Kicheko kidogo, chenye kamasi. Akamsimulia sungura, akamsimulia fisi, akabuni mwisho mwingine wa fisi ule wa kwanza ulipomwogopesha mtoto. Kipaza alileta maji, akapitisha mrija chini ya mlango mtoto anywe. Hivyo ndivyo mfagizi alivyowakuta aliporudi, viatu mkononi.

"Mnafanya nini mlangoni kwangu?"

"Tunaongea na mwenyeji," alisema Bibi Taratibu. "Nimekuja kuhusu video."

"Msusi alishanisikilizisha. Najua ni ya mbali." Mfagizi alifungua kufuli, mtoto akamrukia mapajani. "Sasa bibi, nami nikuulize. Ile ni ya uongo, sawa. Je, ikiwa kuna mlezi mwingine mahali anafanya kweli? Nitajuaje si huyu? Nina mtoto mmoja tu."

Kipaza alifungua mdomo. Dada yake akamgusa goti, akaufunga. Lile lilikuwa swali la haki, na halikuwa na jibu la simuni.

"Hutajua kwa maneno yangu," alisema. "Mimi ni mama mkwe wake, ningesema nini? Usiniamini. Njoo ukae. Saa yoyote, bila hodi. Kaa tangu wanapokula mpaka wanapoamka, uone kila kinachoingia mdomoni mwao."

"Nina kazi asubuhi. Na mtoto simwachi kwa Anti kabla sijaona."

"Sawa. Basi kesho ukienda kazini, nitakaa hapa hapa nje. Mtoto awe ndani, kufuli lako liwe lako. Ukirudi tutakwenda sote watatu."

Mfagizi alimwangalia yule mzee wa watu aliyekaa kwenye saruji. "Mgongo wako je?"

"Mgongo umeshazoea kukaa. Kukimbia ndiko haukuzoea."

Na alikaa. Jua lilipanda, kivuli kikahama, naye akahama nacho. Fisi alipata miisho mingine mingi.

Mchana walikwenda kwa Anti, mfagizi kamshika mwanawe mkono kama anayevuka barabara. Walikuta watoto ndiyo kwanza wanakula, kisha wakalazwa. Anti alimwonyesha mgeni wake kila kitu bila kuombwa na bila kutabasamu: ndoo, vikombe, kabati lililo wazi. Mfagizi aliketi mkekani kabisa, katikati, macho kodo, ili asipitwe na chochote. Mtoto mmoja akalala. Wa pili akalala. Upepo ulikuwa unaingia dirishani. Mfagizi, ambaye alikuwa macho tangu alfajiri, alipiga mwayo, akajikaza, akapiga mwingine. Mara kichwa kikashuka. Baada ya hapo alikuwa amelala chali kati ya watoto, mdomo wazi, anakoroma kuwashinda wote. Mwanawe peke yake ndiye aliyekuwa macho, anapanga vifuniko vya chupa tumboni kwa mama yake.

Anti alimfunika miguu kwa shuka. Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kipaza alikuwa mlangoni na msusi, aliyekuja kumleta mtoto wa dada yake. Aliona ile amani, moyo ukamjaa, akainua simu.

"Hii ndiyo dawa ya maneno yao! Nawatumia waone alivyotulia."

"Mzee, shusha hiyo," alisema msusi.

"Kwa nini? Ni kweli tupu!"

"Itazame bila maneno yako. Mtu mzima kalala chali mchana, nyumbani kwa Anti, watoto wamelala pembeni, ukuta wa bluu. Ikishatoka mkononi mwako utaifuata wewe kila nyumba kuieleza?"

Kipaza aliitazama picha kwenye kioo. Akaangalia mkeka, kisha kioo tena. Akaizima simu, akaitia mfukoni, akajipigapiga juu ya mfuko kana kwamba anaituliza.

Mfagizi alizinduka ghafla, vifuniko vikamwagika. "Nimelala?"

"Umelala," alisema Anti.

Mkono ulimwenda mdomoni, akagusa midomo. Chumba kizima kilingoja.

"Sikunywa kitu hapa," alisema, anajiambia mwenyewe.

"Hata maji hukunywa. Ni uchovu, dada yangu. Hata watoto huchoka hivyo hivyo."

Mfagizi alimtafuta mwanawe kwa macho, akamkuta anaokota vifuniko, mzima, mchafu kama kawaida ya mtoto. Akavuta pumzi ndefu.

"Kesho nitapita naye kabla hakujapambazuka. Utakuwa umeamka?"

"Nitakuwa nimeamka," alisema Anti. Akaenda chumbani, na Bibi Taratibu akasikia kabati la nguo likifunguliwa na hanga zikigongana, nguo zikirudi mahali pake.

"Bibi," mfagizi aliita kwa sauti ndogo, "mimi niliipeleka kwa wenzangu wote wa zamu. Nao wana majirani zao huko wanakokaa. Nitawaambia mmoja mmoja, lakini wengi wako ng'ambo ya soko, na huko nako kuna mlezi. Nasikia naye watu wamemfungia milango, hapelekewi mtoto."

Bibi Taratibu alikuwa amekwisha kuinama anatafuta ndala zake chini ya kiti.

"Dada, pumzika basi," Kipaza alisema. "Nje jua linawaka."

"Ndiyo maana nakwenda sasa. Jua likiwaka, watu wote wako ndani."